Watu Tisa Ndani ya Gari la Kijani

Kinyozi alikuwa na mdomo usiojua likizo. Ukikaa kwenye kiti chake, unanyolewa na unapewa habari, na habari ndizo ndefu kuliko nywele. Mkewe alishona sare za shule chumba cha nyuma. Binti yao alikuwa muuguzi wa zahanati.

Mapigano yalipozuka kati ya mitaa miwili, muuguzi alitibu majeruhi wa pande zote. Kwa kosa hilo, askari walimchukua pamoja na wengine. Wiki tatu zikapita. Kila kituo wazazi walichoulizia walijibiwa, "Hatumjui."

Uchungu ukamzidi kinyozi. Dukani, idadi ya waliochukuliwa ikapanda kinywani mwake kila siku: hamsini, mia, mia mbili. "Na muuza mkaa wa mtaa wetu wameshamuua," alisema. Watu wa mtaa wakayaandika hayo kwenye barua, wakaipeleka ubalozi wa nchi moja ya kigeni.

Balozi aliichukua barua hadi wizarani. Waziri akacheka. Akaagiza muuza mkaa aletwe. Akaingia mzima kabisa. Kumbe alikuwa kwa dada yake. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kesho yake jirani wa kinyozi, mama aliyewahi kuwa karani wa mahakama, alikuja.

"Jirani, nani alikwambia muuza mkaa ameuawa?"

"Nilisikia."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Umetia chumvi mpaka chakula kimemwagwa."

Kinyozi akainamisha kichwa. "Nikitaja wachache, nani atashtuka? Ni mwanangu yule!"

"Najua," karani alisema kwa upole. "Lakini sikiliza. Balozi hana askari hapa. Hawezi kuvunja mlango wa gereza. Anachoweza ni kuuliza. Serikali yetu ilitia saini mkataba kwamba haitamficha mtu wala kumtesa. Tena inataka nchi za nje ziisaidie kurudisha amani. Kwa hiyo swali la kweli linaibana. Ila uongo mmoja ukiingia, ukweli wote unatupwa nao. Mwezi ujao balozi na waziri watakutana tena."

"Mimi niliona," mke akasema kutoka chumba cha nyuma.

Wote wawili wakageuka.

"Nilikuwa dirishani, nashona kifungo. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Gari la kijani. Walipakiwa watu tisa. Niliwahesabu. Mwanangu alikuwa wa mwisho, ana kiatu kimoja."

"Mbona hukuniambia?" kinyozi aliuliza.

"Ulinipa nafasi lini, baba watoto?"

Karani akatoa daftari. Akaandika jina, umri, siku, saa, mahali, nguo. Yaliyoonwa aliyaandika ukurasa mmoja, yaliyosikiwa ukurasa mwingine. Kisha wakaenda kwa familia nane zilizobaki. Kila nyumba karani aliuliza, "Mnakubali jina la mtu wenu litajwe?" Zote zilikubali. Mama mmoja aliomba jina lake mwenyewe, kama shahidi, lisiandikwe. Halikuandikwa.

Mwezi uliofuata balozi aliuliza habari za watu tisa, mmoja mmoja, kwa majina. Safari hii waziri hakucheka. Baada ya wiki mbili jibu likaja: sita wako gereza kuu, na ndugu zao wataruhusiwa kuwaona. Kuhusu watatu, kimya.

Siku ya kumwona, muuguzi aliletwa nyuma ya wavu. Alikuwa amekonda. Vidole viwili havikuwa na kucha. Askari alisimama karibu, kwa hiyo mama hakuuliza.

"Tangu wageni walipouliza," binti alinong'ona, "hawajanipiga tena. Na wakili ameruhusiwa kuingia."

Mama akabandika kiganja kwenye wavu. Baba akabandika chake kando.

Wakati wa kurudi walipita kwa mke wa dereva mmoja wa mtaa wao, ambaye mumewe alikuwa mmoja wa wale watatu.

"Mwanenu yu hai?" aliuliza.

"Yu hai," mama alijibu.

"Na mume wangu?"

Kinyozi alikuwa amesikia gerezani kwamba kuna watu waliohamishiwa kambi ya mbali. Neno lilimfika ulimini. Akalimeza.

"Hatujui, dada," alisema. "Hawajajibu. Karani ameliandika swali upya. Litaulizwa kikao kijacho, na kingine, mpaka wajibu."

Mwanamke akaketi chini, hapo hapo mlangoni. Kinyozi akaketi naye. Hakusema neno lingine.