Mstari Chini ya Taya

Hapana, haikuwa ya dhahabu. Nani amekuambia dhahabu? Ilikuwa shaba tu, imepakwa rangi ya fedha, na siku Jepkosgei aliileta mjini haikuonekana hata hiyo shaba. Ilikuwa donge la kutu na sabuni kavu ndani ya mkebe wa kakao.

Jumamosi hiyo mvua ya mawe ilishuka Eldoret, ile haikupi nafasi ya kufikiria, na watu wote wa Oloo Street wakajibana kwa veranda moja. Obiero, fundi wa saa, alikuwa ameshika meza yake isiangushwe. Ndiyo akaona sweta ya maroon, sketi ya mikunjo imelowa mpaka magotini, na mkono umekumbatia mkebe kama mtoto mchanga.

"Madam, unakalia saa za watu."

"Sijakaa. Nimesukumwa."

"Basi sukumwa upande huu. Kuna stuli."

Akakaa. Akaangalia meza, saa zimelala na matumbo wazi, halafu akafungua mkebe. "Wewe ni fundi. Hii ni kitu gani?"

"Umeitoa wapi?"

"Nyumbani, Turbo. Nilipanda darini kutafuta mahali panavuja. Nimeuliza mama, akaniambia rudisha. Sasa mama yangu ni mtu wa maneno mengi, hajawahi kuniambia rudisha tu akanyamaza."

Obiero akavaa kile kioo chake cha jicho moja, akakwangua kidogo na kucha. "Madam..."

"Mwalimu. Mwalimu Jepkosgei."

"Mwalimu, hii ni mashine ya kunyoa ndevu. Ya kitambo, ya Uingereza, imeandikwa hapa shingoni. Ukizungusha huku chini, huku juu inafunguka, unaweka wembe. Lakini saa hii imegoma."

"Ilikuwa ya nani?"

"Hiyo chuma haisemi. Niachie, nijaribu."

Huyo Obiero alikuwa akikaa Munyaka, chumba kimoja, peke yake. Watu wake wako huko ziwani. Jioni alipika, na chakula alikula amesimama hapo kando ya jiko, sufuria mkononi, kwa sababu mtu akikaa mezani peke yake anaona vile viti vingine. Miaka sita hivyo. Na mkifikiri ni kitu kidogo, jaribuni wiki moja.

Sasa simu ya Mwalimu ikaanza kulia kila jioni saa kumi na mbili, akifunga meza.

"Fundi, mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Amelala kwa maji moto na sabuni. Jana nimemsugua na mswaki."

"Mswaki wako?"

"Ule mzee."

"Ai, Obiero. Mtu anasugua kutu na mswaki na anataka apendwe."

Sasa habari ya kupendwa, Obiero hakuwa ameitaja yeye. Huko Turbo Mwalimu naye akasikia alichosema. Halafu wakacheka wote wawili, na usiku huo alisahau kupika.

Jumamosi akija mjini walikunywa chai. Siku moja Jepkosgei akamwambia, akizungusha kikombe: "Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Nikiwa na miaka tisa alienda safari ya Juba, hakurudi. Mama alisema amebeba vitu vyake vyote, hata picha hakuacha. Kwa hivyo mimi mwanaume namwangalia amebeba nini."

"Mimi nimebeba saa za watu tu."

"Ndiyo maana nakunywa chai yako."

Wiki ya tano, na tone moja la mafuta ya saa, ile mashine ikazunguka. Juu ikafunguka milango miwili, kama mbawa za kumbikumbi. Obiero alikaa akifungua na kufunga. Aliona pembe moja imepinda, lakini hakuinyoosha. Shaba ya kitambo ukiilazimisha inavunjika.

Na huyu mtu alikuwa na sheria yake moja ya kazi. Saa ya mtu hairudi kwa mwenyewe mpaka Obiero aivae siku moja nzima. Basi Jumamosi asubuhi akanunua wembe kwa kiosk, akapaka sabuni, akanyoa.

Jepkosgei alikuja amevaa gauni la kijani, la kanisani. Obiero akampa mashine inang'aa.

"Inafanya kazi?"

"Angalia mwenyewe." Akamgeuzia shavu.

Jepkosgei akaangalia. Chini ya taya, upande wa kushoto, ndevu zilikuwa zimebaki mstari mmoja, kama wa kalamu. Uso wake ukabadilika. Akauliza polepole, "Umenyoa na hii?"

"Mimi hujaribu kila..."

Hakumngoja amalize. Alichukua mashine, akaenda. Mkebe aliuacha.

Obiero akapiga simu, haikushikwa. Akaandika: *Nisamehe, haikuwa yangu kuitumia.* Kimya. Siku kumi na moja. Saa kumi na mbili ikifika alikuwa akiangalia simu, halafu anaenda Munyaka kula amesimama.

Siku ya kumi na mbili ikaita namba hajui.

"Wewe ni Obiero wa saa? Mimi ni mama yake Jepkosgei. Kuja Jumapili. Usinyoe."

Akaenda Turbo na ndevu za wiki mbili na mkebe wa watu. Mama alikuwa nje na karai la maji, sabuni, na ile mashine. Jepkosgei amesimama mlangoni.

"Chamgei," Mama akamsalimia kwa Kikalenjin. "Nyoa."

"Hapa, Mama?"

"Hapa. Huyu binti yangu aliniwekea hii kitu mezani akaniuliza kama ni ya babake. Sijamjibu. Nataka kuona kwanza."

Akanyoa. Ile pembe iliyopinda ikaacha mstari wake tena. Alipopangusa sabuni, Mama akasogea, akashika kidevu chake, akageuza kwa mwanga. Kidole kikatembea kwa ule mstari.

"Ni hapo," akasema. "Kila siku ni hapo. Nilikuwa nikimwambia, Kiprop, umeacha shamba bila kupalilia." Akamwachilia. "Jepkosgei, nilikudanganya. Babako hakubeba vitu vyote. Hii aliiacha dirishani. Mwanaume akiacha mashine ya kunyoa, amesema atarudi. Mimi ndiye niliificha darini, na picha pia."

"Kwa nini, Mama?"

"Ungejua, ungengoja. Mimi miaka ishirini na mbili nakula nikiangalia barabara. Nilionelea mmoja wetu anatosha."

Jepkosgei alilia, si sana. "Kwa hivyo alitaka kurudi."

"Alitaka. Sijui ni nini ilimzuia. Lakini alitaka."

Halafu Jepkosgei akamgeukia Obiero. "Sikukukimbia wewe. Nilimwona yeye shavuni kwako."

"Nilifikiri nimekukosea."

"Ulinyoa bila ruhusa, hiyo tutaongea." Akachukua ile mashine, akaikausha na leso yake, akaiweka dirishani. "Inabaki hapa."

"Na Munyaka nitanyoa na nini?"

"Utakuwa unakuja kunyoa huku."

"Kila siku? Mwalimu, hiyo ni safari."

"Basi fikiria vile utafanya isiwe safari."

"Nimefikiria kutoka siku ya mvua," Obiero akasema.

"Ingieni," Mama akasema, "ugali imekuwa jiwe."

Kulikuwa na kuku na mboga ya isagek. Obiero akapewa sahani, akabaki nayo hapo kando ya ukuta.

"Kwenu watu hula wamesimama?" Mama akamuuliza.

"Hapana, Mama. Ni mimi tu."

"Kaa."

Akakaa. Jepkosgei akakaa karibu yake. Mama alikuja wa mwisho, akavuta kiti chake kutoka mahali pake pa siku zote, akakigeuza, akakaa mgongo kwa mlango.