Saa Saba, Kondoa

Saa 2:10 asubuhi. Arusha.

Katika stoo ya nyuma ya gereji, Kivuyo alipanga vitu vitatu mezani. Kopo la grisi lilikuwa Arusha. Spana, Kondoa. Kizibo cha soda, Dodoma. Yeye na Lotha wangemvamia tajiri wa tanzanaiti saa nne. Begi la mawe angepewa Gwandu, alipeleke Dodoma peke yake. Wao wangefuata kwa ndege.

"Saa saba uwe Kondoa," alisema. "Ukifika, nipigie."

Gwandu alikuwa ameendesha basi njia hiyo miaka kumi na tisa. Alitazama nafasi kati ya kopo na spana. Haikuzidi kiganja.

"Haiwezekani, mkuu. Kondoa ni saa nane na ushee. Trafiki wa Minjingu anaandika saa uliyopita, anampigia mwenzake wa mbele. Ukiwahi, umejikamatisha."

"Kanyaga mafuta, babu," Lotha akatania. "Umezoea kubeba kuku."

Gwandu hakucheka. Siku mkewe alipozikwa Babati, yeye alikuwa Singida na abiria sitini. Hii ilikuwa safari ya mwisho. Baada yake alitaka kulala kitanda kimoja mpaka afe.

Saa 4:12.

Begi likatupwa kiti cha nyuma cha Noah nyeupe. Mlango ukabamizwa. Hakuna aliyemuaga.

Saa 5:35. Minjingu.

Alipita kwa mwendo wa basi. Kivuyo alikuwa amepiga simu mara tatu, kila mara neno moja: kimbia. Gwandu alilitafuna neno hilo taratibu. Mtu aliyebeba mali ya wizi huambiwa apite kimya. Nani humhimiza akamatwe?

Saa 6:40. Babati.

Alisimama, akafanya alichofanya kila safari: akapiga teke matairi, akakagua mzigo. Akafungua begi.

Kokoto.

Alikaa ukingoni mwa barabara akipiga hesabu. Arusha hadi Namanga, saa moja na nusu. Wenzake walikuwa mpakani tayari, wakingoja polisi wote wageukie Noah nyeupe huko Kondoa. Simu yake ya Kondoa ndiyo ingewaambia wakati wa kuwatonya polisi na kuvuka.

Tangi lilikuwa bado na mafuta mengi. Angeweza kukata kulia, Singida. Lakini kwa nani? Kila mji wa njia ile alimjua mama wa chakula na fundi wa matairi. Wao walimjua kama Dereva, basi.

Saa 6:52. Kituo cha polisi.

Aliweka ufunguo na simu mezani, akaeleza yote. Afisa akapiga simu Namanga. Kisha akamrudishia Gwandu simu yake, ampigie Kivuyo kama alivyoagizwa.

Saa 7:00.

"Nimefika Kondoa, mkuu."

"Safi, mzee. Subiri hapohapo."

"Nyie mko wapi?"

"Uwanja wa ndege." Nyuma ya sauti, injini ya gari ikawashwa.

Kivuyo hakuwahi kuendesha njia ile. Mwenye kuijua asingeamini.

Saa 7:25 Namanga wakapiga. Wote wawili wamekamatwa, mawe wanayo.

Afisa akafungua daftari la mahabusu. Aliuliza jina, umri, kazi. Mwishoni akauliza kwa upole, "Tumjulishe nani kwamba uko hapa?"

Gwandu aliipita barabara nzima kichwani, kituo kwa kituo.

"Mke wangu yuko hapahapa Babati," alisema. "Makaburini. Kwa gari ni dakika kumi."

Afisa akaweka kalamu chini.