Shuka Ambalo Halikufuliwa

Nyumbani kwa dobi, mkaa wa pasi huwashwa kabla ya mkaa wa chai. Mume alifua. Mke alipiga pasi, na alipiga vizuri hata majirani wakamwita Mama Pasi. Mama mkwe aliketi kibarazani akishona alama. Kila mteja alikuwa na uzi wa rangi yake kwenye pembe ya nguo, ili nguo za huyu zisichanganyike na za yule. Uzi mwekundu ulikuwa wa nyumba ya wageni.

"Doa la kumshinda mke wangu bado halijaletwa hapa," dobi alipenda kuwaambia wateja.

"Lipo moja," mama yake alijibu. "Ni wewe. Nimekulea tangu mchanga, na bado hujatakata."

Asubuhi hiyo walicheka, kisha dobi akafunga mashuka ya nyumba ya wageni nyuma ya baiskeli.

"Naenda na kurudi," alisema.

Alirudi kwa miguu. Baiskeli ilisukumwa na muuza mkaa wa njia panda, mwanamke mrefu waliyemwita Mama Mkaa. Mdomo wa dobi ulikuwa umepasuka. Shati lilikuwa na damu. Mkono wake wa kulia aliushika kwa wa kushoto, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

"Nani amekufanya hivi?" Mama Pasi aliuliza.

"Polisi. Walikuwa wawili. Mmoja aliniuliza, 'Mashuka yote haya umeyaiba wapi?' Nikasema mimi ni dobi. Nikataka kumwonyesha uzi wetu mwekundu. Hakutazama. Alinipiga rungu mkononi. Nilipoanguka, akanipiga mateke."

"Na yule wa pili?"

"Alisema, 'Mwache, bwana.' Mwenzake hakumsikiliza. Kisha huyo aliyenipiga akaniambia, 'Ukifungua mdomo, nakufungulia kesi ya wizi.'"

Mkono ule ndio uliowalisha. Lakini jina lilikuwa jambo zito zaidi. Dobi akishaitwa mwizi, nani atampa tena nguo zake?

Mama Pasi alisikiliza huku mikono yake ikifanya kazi. Alikuwa amemvua mumewe shati na kulitia katika maji baridi yenye chumvi, maana ndivyo damu inavyotoka. Alisugua na kusuuza. Mumewe alipomaliza kusema, shati lilikuwa jeupe. Akanyoosha mkono kuchukua mashuka.

"Acha! Usiguse hilo!"

Aliyepiga kelele alikuwa jirani yao, muuguzi wa hospitali. Wote walimwita Sista. Alikuwa amefuata sare zake, akakuta kilio.

"Sista, yana matope," Mama Pasi alisema. "Mteja anayasubiri."

"Litazame la juu."

Mama Pasi alitazama. Katikati ya shuka jeupe palikuwa na alama ya buti. Kila mstari wa soli ulionekana, kama umechorwa.

"Hilo ni shahidi," Sista alisema. "Ukilifua, umemnyamazisha. Shati liko wapi?"

Mama Pasi alitazama kamba. Shati lilikuwa likidondosha maji. Maisha yake yote hakuwahi kuionea haya nguo safi.

"Si neno," mama mkwe alisema. "Tutachinja kuku, tulipake damu upya."

"Mama, usithubutu!" Sista alisema. "Ukitia uongo mmoja, hata yaliyo kweli hayataaminika. Waambieni mmelifua. Basi."

"Kuku ameponea chupuchupu," Mama Mkaa alisema. Dobi alijaribu kucheka, mdomo ukamuuma.

"Tuyaache, Sista," dobi alisema. "Nitamshitaki polisi kwa nani? Kwa polisi?"

"Shemeji, nisikilize. Polisi amepewa rungu na sheria, na sheria hiyohiyo inamwekea mpaka. Anaweza kukusimamisha na kukuuliza. Hawezi kukupiga wakati hujamshambulia wala hujakimbia. Hata mwizi wa kweli hapigwi. Anapelekwa mahakamani. Polisi huyu ana mkubwa wake, na kuna ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya polisi. Lakini kwanza twende hospitali. Mkono hauwezi kungoja."

Kabla ya kuondoka, alimwonyesha Mama Pasi la kufanya. Shuka likauke kivulini. Lisikunjwe penye alama. Likikauka litiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana nguo yenye unyevu ikifungiwa kwenye plastiki huota ukungu.

"Hilo la ukungu nalijua," Mama Pasi alisema. Angalau jambo moja alilijua.

Hospitalini, mfupa ulikutwa umevunjika. Sista alimwomba daktari aandike kila jeraha, hata michubuko midogo, na lini na vipi limepatikana. Walipiga picha za mdomo, mgongo na mkono. Nakala ya taarifa ya daktari walirudi nayo nyumbani.

Likabaki jambo moja. Dobi hakumjua yule polisi.

"Aliyepiga nilimwona vizuri," Mama Mkaa alisema. "Ana namba kwenye sare. Niliinakili."

"Wapi?"

"Mlangoni kwangu. Karatasi sina, lakini mkaa ninao."

Walikwenda kuona. Mama Mkaa alikuwa ameanza darasa la watu wazima mwaka ule. Namba zilikuwa kubwa na zimepinda, tano yake imeegemea kama mlevi, lakini zilisomeka. Sista alizipiga picha.

Sasa ilibidi kumwambia mwenye nyumba ya wageni. Mama Pasi alikwenda mwenyewe. Mama yule alijulikana kwa ukali. Shuka likichelewa, aligomba. Likikunjika, aligomba pia.

"Mama, shuka lako moja sitalirudisha kwa sasa," Mama Pasi alianza, akamweleza yote.

Mwenye nyumba ya wageni alisikiliza bila kupepesa macho.

"Uzi mwekundu upo?"

"Upo, mama, kwenye pembe."

"Basi shuka ni langu, na mimi ndiye niliyempa mumeo alifue. Nitakwenda kusema hivyo. Nataka nimwone huyo atakayeniambia kwamba dobi wangu ni mwizi."

Mama Pasi alitoka pale akitokwa na machozi, ingawa alikuwa amejiandaa kutukanwa.

Katika ofisi ya malalamiko walipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya chini. Aliandika maelezo ya kila mmoja peke yake. Kisha alimsomea dobi aliyoyaandika.

"Usitie sahihi wala dole gumba kwenye maneno ambayo hujayasoma au hujasomewa," alisema. "Pana kosa?"

"Lipo. Umeandika wote wawili walinipiga. Ni mmoja. Wa pili alisema niachwe."

Mwanamke alisahihisha. Mama Pasi naye alieleza habari za shati. "Nimelifua," alisema. "Sikujua."

"Asante kwa kusema kweli," mwanamke alijibu, akaandika. Aliwapa namba ya lalamiko lao ili wafuatilie. Na walifuatilia. Walipoambiwa njooni wiki ijayo, walikwenda wiki ijayo.

Yule polisi alitambuliwa kwa namba ile, akaitwa, akasema dobi alianguka mwenyewe kutoka kwenye baiskeli. Ndipo shuka lilipotandazwa mezani. Soli ya buti lake ililingana na alama. Uzi mwekundu ulikuwa palepale kwenye pembe. Kisha polisi wa pili aliitwa. Alikuwa amesomewa maelezo ya dobi.

"Ni kweli alivyosema," alisema. "Nilimwambia mwenzangu amwache. Ilinipasa kumzuia."

Aliyepiga alivuliwa sare, akafikishwa mahakamani, na hukumu ikatoka kwamba ana hatia. Mkuu wa kituo alimwita dobi akamwomba radhi mbele ya askari wake. Siku hizi dobi akisimamishwa njiani husikia, "Samahani mzee, tunaomba kuona mzigo." Huwaonyesha uzi, nao hutazama.

Mkono ulipona, ingawa siku za baridi humuuma. Alipofunguliwa plasta, jambo la kwanza alilofanya ni kuzinyoosha sare za Sista, yeye mwenyewe, kwa pasi ya mkewe. Mkewe alizipiga pasi upya kwa siri.

Kesi ilipokwisha, shuka lilirudishwa. Mama Pasi alilifua, akalinyoosha, akampelekea mwenye nyumba ya wageni. Kisha alichukua sabuni na kitambaa, akaenda njia panda. Namba zilikuwa bado mlangoni. Mama Mkaa hakukubali mtu azifute hadi hukumu itoke.

"Sasa naruhusiwa?" Mama Pasi aliuliza.

"Ruhusa. Lakini unajisumbua, mwenzangu. Mlango wa muuza mkaa! Kesho utakuwa mweusi tena."

Mama Pasi alikunja mikono ya gauni, akapiga magoti, akaanza kusugua.

"Basi kesho nitakuja tena," alisema.