Kifo cha Mtumishi Namba Arobaini na Moja

Simu ilisema mtumishi wa Baraza la Mkoa amekutwa amekufa kazini. Inspekta aliiacha chai yake ikifuka, akavaa kofia, akamwamuru Koplo alete mkoba wa vielelezo na utepe wa kuzungushia eneo la tukio. Miaka kumi na miwili alikuwa akifukuzana na wezi wa baiskeli. Leo, hatimaye, maiti. Moyo ulimdunda kwa furaha ambayo yeye mwenyewe aliionea haya.

Maiti ilikuwa imelala chali juu ya maji, ndani ya tangi la kioo, mapezi yamelegea.

"Huyu ni samaki," alisema Inspekta.

"Ni mtumishi namba arobaini na moja," alijibu Mkuu wa Idara ya Mazingira, mtu mwenye tai iliyomkaba shingo na sauti ya kufungulia mikutano. "Ana jalada lake."

Jalada kweli alikuwa nalo. Baraza lilimwajiri miaka sita iliyopita. Maji ya mto yaingie tangini kwa bomba, asubuhi na jioni, naye akae humo. Akiwa hai, mto ni salama. Akifa, mto una sumu, na kiwanda cha ngozi kilichoko juu ya mto kifungwe siku hiyohiyo. Kwa miaka sita hakuwahi hata kuugua. Mchana huo, saa nane, wageni walikuwa wanakuja kulikabidhi Baraza kombe la mto safi, kwa mara ya sita mfululizo.

"Na muuaji tunaye," alisema Mkuu, akanyoosha kidole pembeni.

Kwenye kiti alikaa Mama Pacha, kibarua aliyeanza kazi asubuhi hiyo kumshikia zamu mtunza tangi aliyekuwa likizo. Macho yalikuwa mekundu. Mezani mbele yake ilikuwepo barua ya kumfukuza, imeshapigwa chapa, imesainiwa na kugongwa muhuri.

"Afande, kazi hii nimeitafuta miaka mitatu," alisema. "Nina watoto wawili nyumbani. Nimuue samaki ili iweje?"

Inspekta alijikuna mkono. Ulikuwa mwezi wa pili sasa anajikuna, na mkewe alikwisha kubadilisha sabuni mara tatu.

"Ulimpa nini?"

"Chakula cha kopo. Kijiko kimoja, kama mwongozo unavyosema."

"Halafu?"

"Nikabadilisha maji. Nikafungua bomba la mto."

"Halafu?"

Mama Pacha aligeukia tangi. "Akanitazama. Akazunguka mara mbili. Akalala chali."

"Mmesikia!" Mkuu alidakia. "Amekiri!"

"Amekiri kufungua bomba, mheshimiwa."

Koplo aliandika "akanitazama", akapigia mstari.

"Bomba ulilifunguaje?" aliuliza Inspekta.

"Kwa spana, afande. Lilikuwa limeganda. Nimeazima kwa fundi, nikaning'inia nayo mpaka nikachubuka." Alionyesha kiganja.

Inspekta alipiga magoti. Bomba lilikuwa limevaa kutu kutoka juu hadi chini, na utando wa buibui uliokatika asubuhi hiyo ulikuwa bado unaning'inia. Akafungua daftari la kumbukumbu. Kila siku, asubuhi na jioni, mwandiko uleule: *bomba limefunguliwa, samaki mzima*. Chini ya kila ukurasa, saini ya Mkuu.

"Huyu mtunza tangi mnamwitaje?"

"Mzee Ndoo."

"Kwa nini?"

Ilionekana hakuna aliyewahi kujiuliza. "Ana ndoo," alisema Mkuu. "Kila ukimwona ana ndoo."

"Mtu mwenye bomba, ndoo za nini?"

Inspekta alitoka nje. Kutoka mlango wa nyuma kilianza kinjia chembamba, kimekanyagwa mpaka majani yakakata tamaa. Kilizunguka jiko la kantini, kikaishia kisimani.

Mzee Ndoo aliletwa kwa pikipiki, ameshika kiuno. Aliliangalia tangi, akavua kofia. Hakuuliza nani wala lini.

"Mmemfungulia mto," alisema, machozi yakamtoka.

"Mzee, una haki ya kunyamaza."

"Nimenyamaza miaka sita, mwanangu. Nimechoka." Alikaa. "Kabla ya huyu walikuwepo watatu. Wa kwanza aliishi siku tatu. Wa pili siku moja. Wa tatu alikufa kabla sijafunga bomba. Kila akifa naandika taarifa, na kila nikiandika naitwa ofisini." Alimwonyesha Mkuu kwa kidevu. "Akaniuliza, kama samaki wanakufa, wewe kazi yako nini? Ikaletwa fomu ya kupima utendaji. Mstari wa kwanza: vifo vya samaki, lengo sifuri. Akifa wa nne, nami niondoke. Basi nikaenda kisimani. Ndoo nane asubuhi, nane jioni, mpaka mgongo ukakataa. Na huyu nilimpenda, sikufichi. Nikiingia alikuwa anakuja kwenye kioo."

"Na mto?"

"Fomu iliuliza samaki. Mto haikuuliza."

"Mbona hukumwonya dada huyu?"

"Nilijua bomba limeganda. Sikujua kama Baraza lingeajiri mtu wa kulifungua kweli."

Inspekta alijikuna tena, mkono ukasimama katikati. Maji ya bombani kwake yalitoka mto huohuo. Alikumbuka sabuni tatu, na watoto wake wanavyojikuna mezani, akapandwa na hasira ya kweli.

"Sasa tuelewane," alisema Mkuu, akitazama saa. "Wageni wako njiani. Sokoni hapakosi samaki wa kufanana naye. Koplo ana pikipiki..."

Inspekta alichukua kombe la mwaka jana kutoka rafuni, akalijaza maji kwenye bomba la mto, akamnyooshea. Lilikuwa na povu, na harufu ya ngozi mbichi ikajaa chumba.

"Kunywa kwanza, mheshimiwa."

Mkuu alilisukuma kombe kando. "Nimetoka kunywa chai," alisema.

"Koplo, andika. Kiwanda kifungwe leo. Aliyeandika daftari hili na aliyelisaini, wote kituoni. Dada huyu ni shahidi wetu, tena wa kwanza, atakayemgusa ataniona. Maiti iende maabara."

"Afande," alisema Koplo, "mifuko ya vielelezo ni midogo. Haimtoshi."

Inspekta aliangaza macho mezani. Akaichukua barua ya kumfukuza Mama Pacha, akamtoa marehemu majini, akamfunga nayo vizuri, saini na muhuri vikiwa kwa ndani. Mkia tu ndio uliobaki nje.

Mama Pacha aliutazama mkia ule, akaanza kucheka huku anafuta machozi.

"Kesho saa mbili," Inspekta alimwambia, "ufungue bomba, uandike unachokiona."

"Sawa, afande. Ila naomba mniombee kwa fundi," alisema Mama Pacha. "Hii spana nibaki nayo."