Aliyeonja Ini Kwanza

Samaki walifika jikoni wakiwa wameshaparuliwa.

Ntumba aliwageuza mmoja mmoja kwenye beseni. Matumbo safi, mapezi yamekatwa, hata gamba moja halikubaki. Mume wake, Mulumba, alikuwa fundi wa zamu ya usiku katika karakana ya mgodi. Mikono yake ilijua spana na grisi. Kisu cha jikoni hakukijua. Kwao Kasai, mwanamume akionekana anaparua samaki majirani humwuliza mkewe alikufa lini.

"Nani alibatengeneza hawa?" Ntumba aliuliza.

"Njo vile nilibatosha mu maji," Mulumba akajibu, akaenda kuoga.

Ntumba aliona kwamba mtu anayedanganya angalau angejitahidi kidogo. Aliwakaanga wale samaki, na alipokuwa akiwageuza mafutani alipitisha kichwani wanawake wote wa kambi ya wafanyakazi waliokuwa na kisu kikali na mikono myepesi.

Samaki walitoka kwenye mashimo ya nyuma ya kambi, palipochimbwa udongo wa matofali. Mvua iliyajaza maji mekundu, mazito, na bwana shamba wa Kibelgiji akatia humo samaki wa kigeni wenye vinywa vipana, wanaokula samaki wenzao. Wazungu waliwaita blakbasi. Watu wa kambi wakafupisha, wakasema blaki. Katika maji ya tope blaki haoni chambo. Mulumba alikuwa amezoea kurudi mikono mitupu, na wenzake walimcheka kwamba anakwenda kunywesha ndoano maji. Sasa, tangu juma lile mama mkwe wake alipofika kwa treni, alirudi na samaki kila alasiri.

Mama mkwe, Mama Kabedi, alikuja kungoja mjukuu. Hii ilikuwa mimba ya kwanza ya Ntumba kufika mbali. Kwa heshima ya Waluba mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja, kwa hiyo alilala jikoni, na Mulumba alipopita, mama huyo alimpa mgongo. Ntumba alimweleza habari ya samaki. Mama Kabedi alimwambia aache kusumbua watu wa kambi kwa maneno. Amfuate mume wake, ajionee.

Alimfuata jua likiwa bado juu. Alijificha nyuma ya tanuri la matofali lililobomoka, na tumbo lake likimwelemea alimwona Mulumba ameketi ukingoni peke yake. Ndoano ilivuta. Akatoa blaki mkubwa, akamlaza pembeni kwenye majani, akageuka kutia chambo kingine. Hapo Ntumba akaona majani kando ya mume wake yakilala chini taratibu, kama yanavyolala mtu anapoketi, na samaki akatulia, na magamba yakaanza kumtoka kuanzia mkiani kwenda kichwani, yakidondoka majini, wala hapakuwa na kisu wala mkono. Mulumba alisema kitu kwa sauti ya chini. Akacheka, kile kicheko ambacho Ntumba alikuwa hajakisikia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao.

Kicheko kile kilimuuma kuliko yale magamba.

Jioni ile alimpikia bukari, ugali wa huko, na majani ya mihogo. Mulumba akasukuma sahani.

"Nimekwisha kula."

"Kwa nani?"

Akavaa viatu vya kazi, akatoka. Na keshoye hakula, wala siku zilizofuata, na hata hivyo alinenepa. Nyumba ikaanza kunuka tope, si tope la viatu, bali lile la chini kabisa, linalotoka shimo likikauka. Mulumba alirudi kutoka kazini alfajiri na kulala mchana, na mchana huohuo, wakati wanawake wako sokoni na kambi imenyamaza kwa joto, Ntumba alisikia nyuma ya pazia sauti ya mwanamke ikimwita mume wake polepole, kwa jina la utoto ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa kitandani tu, na alipovuta pazia alimkuta Mulumba amelala peke yake, na upande wa kitanda uliokuwa wa Ntumba umelowa maji mekundu kuanzia kichwani hadi miguuni, na kila alipojaribu kuketi pale mtoto tumboni alijikunja hadi pumzi ikamkatika.

Alimwita jirani yao, Mwalimu Masudi, mtu wa Kasongo aliyeuza vitambaa na kusomea wagonjwa. Masudi alifukiza ubani, akasoma juu ya kichwa cha Mulumba aliyekuwa usingizini. Harufu ya tope ilirudi nyuma hadi mlangoni, kisha ikaingia tena kwa nguvu zaidi. Kinywa cha Mulumba kikafunguka. Sauti haikuwa yake.

"Mi niko bibi yake, alinioa. Nilionja wa kwanza."

Masudi alifunga kitabu chake. Alimwamsha Mulumba, akamwuliza ni kitu gani alichotoa majini. Mulumba aliona haya sana, kwa sababu mama mkwe alikuwa anasikia nyuma ya ukuta. Akasema: alipomchinja mbuzi wa mama, siku Mama Kabedi alipofika, alikata kipande cha ini apate chambo chenye damu.

Jikoni kitu kilianguka. Mbuzi wa mama hutolewa na mkwe kumshukuru mama kwa uchungu wa kumzaa binti, na ini lake haligusi mdomo wa mtu kabla ya mama huyo kuonja. Anayeonja kwanza ndiye aliyepokea mahari, na ndoa ni ya upande wake. Mulumba alikuwa amewapelekea blaki ini hilo, na chini ya blaki kulikuwa na mwingine.

"Mama," Masudi alimnong'oneza Ntumba, "mi nafukuza jini mwizi. Huyu hakuiba. Balimuoa na ile ini."

Alikataa hata kahawa, akaenda zake.

Mama Kabedi ndiye aliyesimama. Alijifunga kitambaa kiunoni, akamshika binti yake mkono, wakaenda hadi shimoni. Maji yalikuwa yametulia. Ntumba aliona kivuli chake, na kando ya kivuli chake kingine, chembamba, kisicho na tumbo.

"Ile mbuzi ilikuwa ya mama," Mama Kabedi aliyaambia maji. "Mama yako ni nani?"

Mapovu yakapanda.

"Sina."

"Sawa. Ulikula mbuzi yangu, njo uko mwana yangu. Mi njo mama yako tangu leo. Huyu ni yaya yako, mukubwa yako, na bwana yake ni shemeji. Kwetu batoto babili ba tumbo moja habakae na bwana moja. Toka mu kitanda ya yaya yako."

Upepo haukuwapo, lakini maji yalisogea mpaka ukingo wa pili na kurudi. Kisha sauti, karibu sana, kama ya msichana aliyegombezwa:

"Ndiyo, mama."

Siku hiyo Mulumba alikula sahani mbili, akalala usingizi wa kawaida, wa kukoroma. Kitanda kilikauka. Hakwenda tena shimoni, na Ntumba alianza kumkaripia juu ya viatu vyake, jambo ambalo hakulithubutu kwa muda mrefu. Wenzake walisema Mulumba amerudi kunuka grisi kama binadamu.

Mwezi wa mwisho wa mimba ulifika. Asubuhi moja Ntumba alitoka nyuma ya nyumba akakuta nepi zote za mtoto zimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba, zimenyooshwa vizuri, pembe kwa pembe. Alimshukuru mama yake. Mama Kabedi akasema hakufua kitu. Alikuja, akashika nepi moja, akainusa. Vidole vyake vikabaki na utelezi mwekundu. Akaketi chini palepale, kwenye vumbi.

"Baba yako hakunioa mi," alisema. "Alioa yaya yangu. Alipokaribia kuzaa, balinituma kumufulia nguo, kumupikia. Akafa na uzazi. Njo nilibaki mule, mu kitanda yake. Ni desturi: yaya akikufa, mudogo anabaki na bwana yake. Mwana, mi nilisahau kufikiri mpaka pale."

Uchungu wa kwanza ulimshika Ntumba akiwa amesimama. Alishika kamba ya nguo, ikakatika. Kabla hajaanguka mkono wa baridi ulimpokea chini ya kiwiko, kwa upole, ukamgeuza kuelekea mlangoni na kuanza kumwongoza ndani, hatua kwa hatua, kama anavyoongozwa mzazi na mdogo wake. Aligeuza shingo. Mama yake alikuwa bado amekaa kule vumbini, mikono yote miwili kichwani.