Mlango wa Bluu Chini ya Kitambaa

—Wee Jepkoech, kitambaa hiki kinaficha nini?

Kabla hajajibu, Mama Chelimo alikuwa ameshakifunua. Wanawake wenzake wa kanisa, waliokuja kwa maombi, wakaweka vikombe chini. Ukutani palikuwa na picha ya mlango wa bluu uliosimama peke yake angani.

—Uuui! Mlango bila nyumba? Na hii nyingine, kiti chenye miguu ya kuku! Haya ni mapepo gani?

—Si mapepo, mama. Ni picha tu, zimechapishwa. Wekoye alizinunua Nairobi.

Mwaka huo wa 1989, sebule za Kitale zilipambwa kwa kalenda na vitambaa vya kufuma, hata redio ilivalishwa chake. Wekoye, mchumba wa Jepkoech aliyefundisha kilimo kule Mabanga, Bungoma, alizitundika picha hizo mwenyewe, eti ndiyo nyumba watakayoishi wakioana. Jepkoech alikuwa akizifunika kila wageni wakija. Siku moja, miezi kabla ya maombi hayo, Wekoye aliingia ghafla, akazikuta zimefunikwa.

—Kumbe unanionea aibu, alisema, akaenda zake Bungoma.

Kitambaa cha ule mlango kilipotea siku hiyohiyo, Jepkoech akafuma kingine. Mahindi yakapandwa, yakafika kiunoni, na Wekoye hakutuma hata salamu. Kila jioni Jepkoech alikifunua kile kitambaa, akautazama mlango mpaka machozi yakamlengalenga. Alimtamani yule mwanamume, na hakujua aanzie wapi.

—Zichome, mwanangu, Mama Chelimo alisema siku ile ya maombi, kitambaa kikiwa bado mkononi mwake.

—Sichomi.

—Ati?

—Nampenda aliyezileta, mama. Nimemkosa mpaka chakula hakishuki.

Akapita ukutani, akavuta vitambaa vyote mbele ya macho ya wale wanawake. Kesho yake akaenda kwenye kibanda cha simu.

—Mabanga? Naomba mwalimu Wekoye.

Akangoja, akiongeza sarafu.

—Haro? Nani?

—Ni mimi. Nimetoa vitambaa.

Sauti ya Wekoye ikapanda.

—Vyote?

—Hata cha redio.

—Na wale wamama wa kanisa?

—Wameziona picha. Mama Chelimo alimaliza chai, akasema kile kiti kinafanana na jirani yake.

Kicheko cha Wekoye kikamfanya Jepkoech ashike ukuta wa kibanda.

—Nakuja Jumamosi.

Jumamosi Wekoye alisimama mlangoni, akazitazama picha moja baada ya nyingine. Kisha akatoa kitu mfukoni mwa koti. Kitambaa kilichopotea.

—Wewe ndiye uliyekichukua?

—Nilikuwa na hasira. Nilitaka nikitupe njiani, nikifika Kiminini, nikashindwa. Nilikiweka juu ya redio yangu, bana.

—Wewe? Na vile ulivyokuwa ukivicheka vitambaa vyangu!

—Chumba kilikuwa baridi. Hicho ndicho kilichokuwa na kazi ya mkono wako.

Jepkoech akakishika, kimechakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Akalia bila kuficha.

—Sasa nikiweke wapi?

—Popote, mama. Lakini si juu ya ule mlango wa bluu.

Akakitandaza mezani, akaenda kuleta chai.