Aliyekalia Kiti cha Mbele

Usikunje pua kabla hujasikia. Wewe ambaye bila taa huendi hata chooni, leo ndiyo unajifanya huamini majini? Kaa kimya, sikiliza habari ya mshonaji na pikapu yake.

Pikapu ilikuwa kuukuu, ya marehemu mumewe, na mambo yalianza kidogo tu: injini kukosakosa. Inaunguruma vizuri, mara pu, pu, kama mtu mwenye kwikwi, halafu inanyooka. Akiendesha peke yake, haina neno. Akipakia mtu, inaanza. Jirani alishuka njiani akamalizia kwa miguu. Shoga yake akaacha kuomba lifti. Mwisho mshonaji akabaki anakula peke yake na kuongea na cherehani.

Sasa mdogo wake alikuwa amekubali kuja kuishi naye, baada ya kubembelezwa mwaka mzima. Akaenda kumchukua, na kabla hawajafika nyumbani, pikapu ikazima. Wakaisukuma mpaka gereji ya Fundi Kobe, aliyeitwa hivyo kwa sababu halegezi nati bila kuitafakari.

"Dada, kama hiki ndicho chombo cha kunipeleka kazini, mimi narudi kwangu."

"Tulia. Fundi hajafungua hata boneti."

Kobe alikuwa na mtindo wake. Injini ikiwa inaunguruma, huchomoa mmoja mmoja waya zinazopeleka cheche kwenye plagi za silinda. Silinda iliyo nzima ukiinyang'anya waya, injini hulegea; ukiinyang'anya iliyokufa, injini haijali. Akamketisha mshonaji kwenye usukani, mdogo wake kando yake. Alipochomoa waya wa tatu, injini haikujali.

"Nimempata," akasema.

Akabadilisha plagi. Akabadilisha waya. Wapi! Mdogo mtu aliposhuka kujinyoosha, silinda ya tatu ikafufuka. Alipopanda, ikafa. Kobe akamshusha tena, akazunguka, akachungulia dirishani.

"Mama," alinong'ona, "hiki kiti hukikalia nani?"

"Hakuna mtu."

"Mbona kimebonyea?"

Wakatazama, na sponji ya kiti ilikuwa imezama kama imebeba mtu mnene, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka kwenye kitambaa, na Kobe akarudi mbele akachomoa waya wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, na wa nne, zikaning'inia mkononi mwake kama mikia ya panya, na injini ikaendelea kuunguruma, laini, kama paka anayekunwa shingo.

"Ulimwita nani humu?" akauliza kwa sauti ndogo.

Tangu msiba, kila asubuhi mshonaji alifungua mlango wa upande ule, akapangusa kiti, akasema, "Karibu, twende."

"Mume wangu."

"Ulimtaja jina?"

Akatikisa kichwa.

"Basi kaitikia jini aliyekuwa karibu. Na huyu hataki ukae na mwingine."

"Mtoe, fundi."

"Mimi natoa plagi, mama. Mgeni hutolewa na mwenyeji."

Mshonaji akageukia kile kiti. "Nilikosea. Sikukuita wewe. Shuka."

Sponji haikuinuka. Joto tu lilisogea, likamgusa paja, taratibu, kama mtu anayeomba nafasi. Nje, mdogo wake alikuwa amelikumbatia sanduku lake.

"Dada, njoo huku, au mimi naondoka."

Ile pikapu ndiyo mali pekee aliyoachiwa na mumewe. Akachomoa ufunguo, injini haikuzima. Akauweka juu ya dashibodi.

"Baki nayo," akasema, akashuka.

Kobe alikwisha kufika barabarani. Siku hiyo hakutafakari. Mshonaji alipofika kwenye mlango wa bati wa gereji, nyuma yake injini ikaanza tena, pu, pu, polepole, kama mtu anayemeza kilio, na sauti hiyo aliijua, maana ndiyo aliyokuwa akiitoa mwenyewe mezani, mbele ya sahani moja, na mdomo wake kwa mazoea ukafunguka kusema neno lile lile la kila asubuhi.

Akaung'ata ulimi. Akatoka, akafunga mlango.